Je, Wajua? Zebaki, Samaki na Paka Waliocheza Dansi

Spana ya chuma huelea

Itie spana ya chuma ndani ya ndoo ya zebaki uone: haizami ng'o. Lita moja ya zebaki ina uzito wa kilo 13.5, ilhali lita ya maji ni kilo moja tu, kwa hiyo hata risasi, metali tunayoitaja kila tukitaka kusema kitu ni kizito, hubaki juu juu. Inayozama ni dhahabu. Wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya hawahitaji kuambiwa habari za zebaki na dhahabu, nao tutawafikia.

Sumu moja, njia tatu za kuingia mwilini

Mtu akimeza kwa bahati mbaya tone la zebaki kutoka kwenye kipimajoto kilichovunjika, karibu lote hutoka kama lilivyoingia. Akivuta mvuke wake, mapafu hupitisha takriban asilimia 80 hadi kwenye damu. Na zebaki hiyo hiyo ikishageuka kuwa methilizebaki, ile inayokaa kwenye minofu ya samaki, tumbo huifyonza kiasi cha asilimia 95, yaani karibu yote.

La kushangaza zaidi ni jinsi inavyofika kichwani. Ubongo una ukuta wake wa ulinzi, haupitishi kila kinachokuja na damu. Lakini methilizebaki hujishika na kipande cha protini kiitwacho sisteini, na vikiwa pamoja hufanana mno na methionini, kirutubisho ambacho ubongo unakihitaji. Basi sumu inapiga hodi, inakaribishwa ndani.

Paka wa Minamata

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, paka wa vijiji vya wavuvi kando ya Ghuba ya Minamata, kisiwani Kyushu, Japani, walianza kucheza dansi. Ndivyo wenyeji walivyosema, maana hawakuwa na neno jingine: paka anayumba, anazunguka, anarukaruka, anatoka mapovu, kisha anaanguka, na wengine waliangukia baharini wakafa maji. Samaki walielea. Kunguru walidondoka kutoka angani.

Kisha ikaja zamu ya watu. Mikono ikafa ganzi, ulimi ukawa mzito, macho yakawa yanaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Tarehe 1 Mei 1956 Dakta Hosokawa Hajime, mkuu wa hospitali ya kiwanda cha kemikali cha Chisso, alipeleka taarifa kwa maofisa wa afya kwamba kuna ugonjwa wa neva usiojulikana. Mtoto wa kwanza kulazwa alikuwa na miaka mitano. Siku chache baadaye akaletwa mdogo wake.

Kiwanda hicho kilikuwa kikitumia zebaki kutengeneza asetaldehaidi tangu 1932, na maji machafu yakienda baharini. Mwaka 1959 Hosokawa aliamua kujaribu mwenyewe: akachanganya maji hayo kwenye chakula cha paka. Paka nambari 400 akacheza dansi ile ile. Wakubwa wa kampuni wakamwambia aachane na mambo hayo, na matokeo yakafungiwa. Desemba mwaka huo huo kampuni ikazindua mtambo wa kusafisha maji kwa sherehe, na rais wake akanywa bilauri moja mbele ya watu kuonyesha kwamba hayana neno. Kweli hayakuwa na neno: maji yenye zebaki hayakuwa yakipitishwa kwenye mtambo ule.

Kiwanda kiliacha kutumia zebaki mwaka 1968, na mwaka huo huo serikali ikakiri chanzo cha ugonjwa. Miaka tisa, basi, ilipita baada ya paka nambari 400. Mwaka 1970 Hosokawa, akiwa mgonjwa wa saratani, alitoa ushahidi wake mahakamani kutoka kwenye kitanda cha hospitali. Waliotambuliwa rasmi kuwa waathirika walizidi 2,200. Waliolipwa fidia za namna nyingine ni makumi ya maelfu. Kati ya yote haya mimi hunikaa zaidi ile bilauri.

Kitovu kilichotunzwa kwenye kisanduku

Kwetu kitovu cha mtoto huzikwa, na mtu mzima akitaka kusema pale ndipo kwao hasa, husema ndipo kilipozikwa kitovu chake. Wajapani wengi hukikausha na kukiweka kwenye kisanduku kidogo cha mbao. Desturi hiyo ilikuja kuwa ushahidi wa kisayansi. Watafiti wa Minamata walikusanya vitovu vilivyohifadhiwa kwa miaka mingi, wakapima zebaki iliyomo, wakakuta inapanda na kushuka sambamba na uzalishaji wa kiwanda.

Kabla ya hapo madaktari waliamini kwamba kondo la nyuma humkinga mtoto aliye tumboni dhidi ya sumu. Minamata ilivunja imani hiyo. Akina mama walioonekana wazima, au wenye ganzi kidogo tu vidoleni, walijifungua watoto wasioweza kukaa wala kusema. Leo inajulikana kwamba damu ya mtoto kwenye kiungamwana huwa na methilizebaki nyingi kuliko ya mama yake, takriban mara 1.7. Mwili wa mama unajisafisha, kwa bahati mbaya, kupitia kwa mwanawe. Ndiyo maana maonyo yote ya samaki duniani huanza na wajawazito.

Mtengenezaji wa sumu anaishi matopeni

Kule Minamata methilizebaki ilitoka kiwandani ikiwa tayari. Mahali pengine pengi haitoki kiwandani. Zebaki ya kawaida hutoka kwenye volkano, kwenye moshi wa makaa ya mawe na migodini, inapeperuka, inanyesha na mvua, na kutua matopeni. Huko bakteria wanaoishi pasipo hewa ndio wanaoigeuza. Walivyoweza hivyo lilikuwa fumbo kwa miongo kadhaa, mpaka mwaka 2013 watafiti wa maabara ya Oak Ridge, Marekani, walipotambua jeni mbili zinazofanya kazi hiyo. Ukiondoa mojawapo, bakteria anaishi kama kawaida ila hawezi tena kutengeneza sumu.

Faida wanayopata bakteria hawa kwa kazi hiyo bado ni mjadala. Inawezekana hawapati yoyote.

Kipande kimoja cha papa, kilo saba na nusu za saradini

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imepima zebaki kwenye samaki wa sokoni kwa miaka mingi. Wastani wa papa ni miligramu 0.979 kwa kilo. Wa saradini, jamaa ya dagaa wetu wa baharini, ni 0.013. Piga hesabu: gramu 100 za papa zina zebaki sawa na kilo saba na nusu za saradini! Nani anamaliza kilo saba na nusu kwa mlo mmoja?

Siri ni nani anamla nani. Vijimea vya baharini hufyonza zebaki kidogo mno kutoka majini. Vijidudu hula vijimea, dagaa hula vijidudu, vibua hula dagaa, jodari hula vibua, na papa hamwachi mtu. Kila anayekula huchukua zebaki ya wote aliowala, na mwili wake huitoa polepole kuliko inavyoingia. Ukifika kileleni, nyama ya samaki ina methilizebaki mara milioni moja na zaidi kuliko maji anamoogelea. Maji hayo ukiyapima, huenda usione kitu cha kukutisha.

Umri nao unahesabiwa. Kuna samaki mwekundu wa vilindini, anayevuliwa pande za New Zealand na Australia, ambaye hupita miaka 100. Yule anayeliwa leo huenda alikuwa akiogelea kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Si mlaji mkali kama papa, lakini amekusanya kwa muda mrefu, naye yumo kwenye orodha ya wale ambao wajawazito wanashauriwa kuwaacha. Wenzake humo ni papa, nduaro, jodari wa macho makubwa, na nguru wa Atlantiki, ambaye ni binamu wa nguru wetu.

Na kwenye makopo? Jodari mweupe ana wastani wa miligramu 0.35 kwa kilo. Kopo la bei nafuu, ambalo mara nyingi ni sehewa, lina 0.126. Kwa mara moja maishani, cha bei rahisi ndicho chenye afya zaidi.

Ndimu haisaidii

Wala tui la nazi, wala tangawizi, wala kukaanga hadi mifupa iwe kama biskuti. Methilizebaki haikai kwenye mafuta ya samaki wala kwenye ngozi, kwa hiyo hakuna sehemu ya kukata ukatupa; imeshikana na protini ya nyama yenyewe, na moto wa jikoni hauiachanishi. Haina harufu, haina ladha, na samaki aliyejaa zebaki anaweza kuwa ndiye mbichi na mzuri kuliko wote mezani.

Papa mkavu, yule ng'onda anayependwa pwani nzima, ana jambo lake la ziada. Anapoanikwa juani hupoteza maji, lakini zebaki haiondoki. Ukimpima gramu kwa gramu, mkavu ana nyingi kuliko alivyokuwa mbichi. Bahati ni kwamba huliwa vipande vidogo, kama kitoweo cha kukolezea mchuzi.

Nywele hukumbuka mlo wa mwaka jana

Unywele huota takriban sentimita moja kwa mwezi, na kila sentimita huhifadhi kiasi cha zebaki kilichokuwa kwenye damu mwezi ule. Mwanamke mwenye nywele za sentimita 24 amebeba kichwani kumbukumbu ya miaka miwili, mwezi kwa mwezi. Maabara hufurahi zaidi kwa sababu nywele hukusanya zebaki takriban mara 250 kuliko damu, hivyo hata kiasi kidogo hupimika.

Habari njema imo humo humo. Mtu akiacha samaki wenye zebaki nyingi, nusu ya iliyo kwenye damu yake hutoka katika muda wa miezi miwili hivi, nusu ya iliyobaki katika miwili mingine, na kuendelea. Ndiyo maana mwanamke anayepanga kubeba mimba hushauriwa kuchagua samaki wake mapema, asisubiri kliniki.

Visiwa viwili, majibu mawili

Hapa ndipo mambo yanaponoga. Kwenye visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Atlantiki, watafiti waliwafuatilia watoto zaidi ya 1,000 waliozaliwa mwaka 1986 na 1987. Wenyeji wa huko hula nyama ya nyangumi wadogo weusi, walio juu kabisa kwenye mlolongo wa ulaji. Watoto walipofika miaka saba, wale ambao mama zao walikuwa na zebaki nyingi zaidi walionekana kubaki nyuma katika lugha, usikivu na kumbukumbu. Mwaka 2008 madaktari wakuu wa visiwa hivyo wakawaambia watu wao kwamba nyangumi huyo hafai tena kuliwa na binadamu, kauli nzito kwa jamii inayomvua kwa karne nyingi.

Sasa njoo Bahari ya Hindi, kwa jirani zetu wa Shelisheli. Chuo Kikuu cha Rochester cha Marekani pamoja na wizara ya afya ya huko waliwafuatilia watoto wapatao 780, waliozaliwa mwaka 1989 na 1990. Mama zao walikula samaki mara 12 kwa wiki kwa wastani, na nywele zao zilikuwa na zebaki nyingi kuliko za akina mama wa Faroe. Watoto wakapimwa utotoni, wakapimwa tena wakiwa na miaka tisa. Madhara yaliyotarajiwa hayakuonekana waziwazi.

Inakuwaje? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba Washelisheli walikula samaki wa kawaida wa baharini, wenye zebaki kidogo kidogo lakini wenye mafuta ya omega-3 na madini ya seleniamu yanayojenga ubongo, ilhali Wafaroe walipata dozi kubwa kwa mkupuo kutoka kwa nyangumi, tena mafuta ya nyangumi huyo yakiwa na kemikali nyingine za viwandani. Kwa maneno mengine, samaki yule yule analeta sumu na kinga kwenye sahani moja. Ndiyo sababu mamlaka za afya haziwaambii wajawazito waache samaki. Za Marekani huwataka wale gramu 225 hadi 340 kwa wiki, ila wa aina zenye zebaki kidogo. Dagaa, sato, kamba, wote ruksa. Anayemkataza mjamzito samaki wote kwa kuogopa zebaki anamnyima mtoto zaidi ya anachomwepusha.

Jodari wa makumbusho

Mwaka 1972, Marekani ikiwa imeingiwa na hofu ya zebaki kwenye makopo, wanasayansi walifungua mitungi ya makumbusho iliyokuwa na jodari waliovuliwa kati ya 1878 na 1909. Walipowapima walikuta zebaki inayokaribiana na ya jodari wa siku zao. Wakubwa wa viwanda vya samaki walifurahi kupita kiasi, maana ilionekana bahari imekuwa hivyo tangu enzi na enzi.

Jibu halikuwa rahisi hivyo. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti wa jodari karibu 3,000 waliovuliwa kwenye bahari za Pasifiki, Atlantiki na Hindi kati ya 1971 na 2022. Kiwango chao hakikushuka kwa nusu karne, ingawa hewani zebaki kutoka viwandani ilipungua. Sababu inayoelezwa ni vilindi: zebaki iliyozama miaka mingi iliyopita bado inapanda taratibu kutoka chini. Jodari wa leo anaishi na moshi wa makaa uliopaa kabla babu zetu hawajazaliwa.

Ngano ya rangi ya waridi

Methilizebaki haikuua kupitia samaki peke yake. Mwishoni mwa mwaka 1971 Iraki ilipokea ngano na shayiri ya mbegu iliyopakwa sumu hiyo kuzuia ukungu, ikatiwa rangi ili watu waitofautishe. Maandishi ya onyo kwenye magunia yalikuwa ya Kihispania na Kiingereza. Kuna walioosha mbegu hizo rangi ikatoka, wakadhani na sumu imetoka, wakaoka mikate. Waliolazwa hospitali ni 6,530, na 459 kati yao wakafa. Dalili zilichelewa wiki kadhaa baada ya kuanza kula, na hapo ndipo ubaya wake ulipo, kwa mkate na kwa samaki vilevile.

Dhahabu ndiyo mchafuzi mkubwa

Ukimuuliza mtu zebaki nyingi inayoingia hewani kwa mkono wa binadamu inatoka wapi, atakutajia viwanda vya makaa ya mawe. Kumbe ni uchimbaji mdogo wa dhahabu. Makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2015 yaliupa asilimia 38, na makaa takriban asilimia 21.

Anayepita kwenye mialo ya Geita, Chunya, Migori au Ituri ameshaiona kazi yenyewe. Mawe yanasagwa kwenye karasha, unga unaoshwa, zebaki inamiminwa kwenye karai na kukandwa kwa mikono mitupu hadi ishike punje za dhahabu. Tonge linalobaki hukamuliwa kwenye kitambaa, kisha huwekwa juu ya jiko la mkaa. Zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Mara nyingi jiko ni lile lile la kupikia, na anayelipuliza ana mtoto mgongoni. Yeye anaumia papo hapo kwa mvuke. Kinachobaki hutua mtoni na kuanza safari ya matopeni. Kifuniko cha chuma chenye bomba la kunasa mvuke hurudisha sehemu kubwa ya zebaki ikatumika tena, na kinatengenezeka kwa fundi wa kuchomelea wa mtaani.

Mkataba wa dunia wa kupunguza zebaki ulipitishwa mwaka 2013 na ukaanza kutumika Agosti 2017. Unaitwa Mkataba wa Minamata.

Sangara alisingiziwa

Daktari aliyetumia maisha yake kwa wagonjwa wa Minamata, Harada Masazumi, alifika pia Ziwa Victoria. Yeye na wenzake walipima nywele za wachimba dhahabu, wavuvi na familia zao, na wakazi wa Mwanza, na matokeo yakachapishwa mwaka 1999. Kwa kuwa migodi iko karibu na ziwa, na wavuvi wanakula samaki kila siku, ungetegemea hadithi ya Japani ijirudie. Kweli, baadhi ya nywele zilikuwa na zebaki ya kutisha.

Lakini haikuwa methilizebaki. Ilikuwa zebaki ya aina nyingine, ambayo haitoki kwa samaki, na hata watu wasiokanyaga mgodini walikuwa nayo. Kuuliza kwao kukawafikisha bafuni: sabuni za kujichubua zilizotengenezwa Ulaya, zenye chumvi ya zebaki ndani. Samaki wengi waliopimwa kwenye ziwa hilo, sangara na sato wakiwemo, wamekutwa chini ya miligramu 0.5 kwa kilo, kiwango kinachotumika kama mpaka wa usalama. Sangara hukua haraka sana, na mwili unaonenepa upesi huacha zebaki ikitawanyika kwenye nyama nyingi.

Sabuni hizo, na krimu za aina hiyo, zimepigwa marufuku Tanzania na Kenya, na bado hupenyezwa madukani. Kwenye pakiti, tafuta herufi Hg au jina lolote lenye neno merkyuri, hata likiandikwa kwa lugha usiyoijua. Pakiti isiyoorodhesha viambato kabisa iache hapo hapo kaunta.